Kupanga soketi na spana katika kabati la droo la gereji

Kabati la spana limepangwa vizuri pale fundi anapoweza kulitupia jicho mara moja, huku mkono mmoja bado umeshika boneti, akajua kama kuna kifaa kilichobaki ndani ya gari. Wepesi wa kuipata spana, usafi, na hata heshima ya droo inapofunguliwa mbele ya mteja ni mambo yanayofuata nyuma ya hilo. Nimelianza jambo hili hapo kwa sababu nililijifunza kwa gharama. Miaka yangu ya mwanzo ya ufundi spana zangu zote zilirundikwa ndani ya sanduku moja la bati, na jioni moja, baada ya kubadilisha mkanda wa altaneta, niliiacha ringi spana (yenye kichwa cha duara) ya 12, yaani milimita 12, juu ya kava ya feni. Gari lilipowashwa spana ilitikisika, ikateleza, ikaingia kwenye feni; panga moja la feni likakatika na kutoboa rejeta. Rejeta ile niliilipa kidogo kidogo kutoka mfukoni mwangu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimelifunga sanduku langu na kuliona limejaa kama kawaida, maana rundo la spana 40 na rundo la spana 39 halitofautiani machoni.

Maelezo haya ni ya kabati la chuma lenye droo tano hadi saba na magurudumu chini, lile ambalo fundi mmoja hulitumia kwa kazi za magari madogo. Mwenye sanduku la bati la kukunjua anaweza kuyafuata pia, ila atalazimika kupunguza idadi ya vifaa, na hilo si hasara.

Kumwaga na kuchambua

Chagua siku kavu isiyo na kazi nyingi, tandika turubai kivulini, kisha mwaga kila kilichomo kabatini, pamoja na vile vilivyojificha kwenye kona za droo: washa, fyuzi, nati zisizo na mwenyewe, vipande vya msasa. Usijaribu kupanga droo moja moja huku nyingine zikiwa zimejaa, kwa sababu utakuwa unahamisha vurugu kutoka juu kwenda chini, na jua litazama hujajua una soketi ngapi za 14. Osha vyuma kwa dizeli au mafuta ya taa kwa kutumia brashi, wala usitumie petroli, kwa kuwa mvuke wake husambaa na kudaka moto haraka mno. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha viache vipigwe na hewa. Grisi iliyogandamana ndani ya tundu la mraba la soketi haionekani kirahisi, lakini ndiyo inayoifanya soketi isikae sawasawa kwenye racheti, ule mkono wa kuizungushia, na kuchomoka katikati ya kazi.

Wakati wa kufuta ndio wakati wa kukagua. Ishike soketi kati ya vidole viwili, uelekeze mdomo wake kwenye mwanga, uizungushe taratibu. Ufa huanzia kwenye kona ya ndani, mwembamba na mweusi kama unywele, na hupanda hadi kwenye ukingo wa mdomo. Ukipitisha ukucha juu yake, ukucha unakwama. Soketi yenye ufa wa namna hiyo isirudi kabatini hata kama ndiyo ya pekee ya saizi yake. Kwa spana za mdomo wazi, chukua nati mpya ya saizi husika uiingize mdomoni: ikicheza kushoto na kulia, basi mdomo umepanuka, na spana hiyo itakula kona za bolti ya mteja.

Najua mafundi wengi huvirudisha vifaa vilivyochoka kwa nia ya kuvitumia siku ya dharura. Siungi mkono tabia hiyo, kwa sababu siku ya dharura ndiyo siku ambayo bolti imeshika kutu na muda hautoshi, yaani ndiyo siku inayohitaji spana nzima kuliko siku zote. Vilivyochoka viweke katika debe lao nje ya kabati, vikatwe na kuunganishwa kwa welding pale inapohitajika spana ya umbo la pekee. Spana ya 14 iliyopindwa kwa moto imewahi kunifikisha kwenye bolti ya stata ambayo mkono haukuweza kuifikia. Vifaa vya ziada, kama bisibisi ya tatu inayofanana na mbili za kwanza, navyo vihamie kwenye sanduku la akiba.

Kutenganisha soketi

Soketi ndizo zinazoleta vurugu kubwa, kwa kuwa ni nyingi, ni ndogo, na zinafanana. Mtenganisho wa kwanza ni wa tundu la mraba linaloingia kwenye racheti. Kwa magari madogo tundu hizo ni za aina tatu: robo inchi, ambayo ni milimita 6.35, inchi 3/8, ambayo ni takribani milimita 9.5, na nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Robo inchi hutumika kwenye dashibodi, vibanio na bolti ndogo. 3/8 ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya injini. Nusu inchi ni ya magurudumu, sasipenshi na kila kinachohitaji nguvu. Kila familia ikae na racheti yake, ekistensheni zake (vyuma vya kurefusha) na yunivaso yake (kiungo kinachopinda) mahali pamoja, kwa sababu mtu anapofungua droo hahitaji soketi peke yake, anahitaji soketi iliyokwisha kupata mkono.

Mtenganisho wa pili ni wa chuma chenyewe. Soketi zinazong'aa ni za mkono, na nyingi hutengenezwa kwa chuma chenye kromiamu na vanadiamu, ambacho ni kigumu lakini hakipendi kugongwagongwa. Soketi nyeusi zenye kuta nene ni za mashine ya upepo, ile inayofungua nati kwa mapigo, na chuma chake, ambacho kwa kawaida kina kromiamu na molibdenamu, hustahimili mapigo. Soketi inayong'aa ikiwekwa kwenye mashine ya upepo inaweza kupasuka na kurusha kipande usoni mwa aliyeishika. Kwa sababu hiyo sizichanganyi kamwe katika droo moja: saidia fundi akiwa na haraka huchukua saizi, hatazami rangi, na njia ya kumkinga ni kuhakikisha kwamba mahali anapochukua soketi za mashine hakuna nyingine za kuchukua.

Mtenganisho wa tatu ni wa milimita na inchi, na hapa ndipo palipo na hasara ya kimyakimya. Soketi ya 19 na soketi ya inchi 3/4 zinatofautiana kwa sehemu 5 za mia za milimita, kwani 3/4 ni milimita 19.05, na kwa kazi nyingi hutagundua tofauti. Vivyo hivyo inchi 5/16 ni milimita 7.94, karibu sawa na 8. Lakini nusu inchi ni milimita 12.7, na ukiiweka soketi ya 13 juu ya nati hiyo itaingia vizuri, itaonekana imekaa, na itaanza kuzunguka juu ya kona utakapoongeza nguvu. Anayetengeneza trekta za zamani za Massey Ferguson au Land Rover za zamani anazihitaji inchi, na azipe droo yake au walau safu yake yenye rangi tofauti. Asiyezishika mashine hizo azitoe kabisa kabatini, maana soketi ya inchi iliyozagaa katikati ya milimita ni mtego uliowekwa na mwenye kabati mwenyewe.

Mtenganisho wa nne, wa soketi fupi na ndefu, ni rahisi: zisimame katika safu mbili zinazotazamana, ili ya 12 ndefu iwe nyuma ya 12 fupi, na macho yazoee kuziona kwa jozi. Kuhusu soketi za pembe sita na za pembe kumi na mbili, ushauri wangu ni kwamba mwenye uwezo wa kununua seti moja tu anunue za pembe sita, kwa sababu hushika kuta za bolti badala ya kona zake, na sehemu kubwa ya bolti zinazoletwa gerejini kwetu zimekwisha kulika.

Saizi zipi zikae mbele

Katika gereji namba ni majina. Fundi aliyelala chini ya gari hataji jina la kifaa. Husema tu "nipe kumi na mbili", na mkono hunyoshwa. Mpangilio mzuri hufuata namba zinazotajwa mara nyingi, na namba hizo hutegemea gari limetoka wapi. Bolti yenye unene wa milimita 6 ina kichwa cha 10, yaani hufunguliwa kwa spana ya 10, karibu kila mahali. Bolti ya unene wa 8, katika magari ya Japani, kwa kawaida ina kichwa cha 12, na ya unene wa 10 ina kichwa cha 14. Katika magari ya Ulaya bolti hiyohiyo ya 8 ina kichwa cha 13, na ya unene wa 10 ina kichwa cha 16 au, kwa viwango vya zamani, 17. Kwa hiyo gereji inayoishi kwa Toyota, kama zilivyo gereji nyingi za Tanzania na Kenya, itachosha soketi za 10, 12, 14 na 17, na ile ya 21 kwa nati za magurudumu, wakati ya 13, 16 na 18 zitalala hadi afike mwenye gari la Ujerumani.

Wengine hupanga kwa mfuatano kamili, 8, 9, 10, 11 na kuendelea, bila kujali matumizi. Mimi pia huufuata mfuatano wa namba, kwa kuwa akili ya binadamu hutafuta 14 baada ya 13, ila nazipaka rangi saizi nne au tano zinazotumika kila saa, mstari mwembamba wa rangi ya kucha kuzunguka shingo ya soketi, ili jicho lifike kwao kabla ya kusoma. Rangi ya kucha hukauka haraka, hung'ang'ania chuma kilichofutwa vizuri, na chupa moja hudumu kwa muda mrefu sana. Ukichagua rangi moja ambayo jirani yako hatumii, inakuwa pia alama ya kwamba soketi ni yako.

Soketi ya 10 inastahili neno lake. Ndiyo inayofungua vibano vya betri za magari mengi ya Japani, kava za injini na vibanio visivyohesabika, na kwa udogo wake ndiyo hupotea zaidi. Uwe nazo mbili au tatu, lakini kila moja iwe na kituo chake, yaani mahali pake maalumu ndani ya droo; ukiziweka zote katika kikopo kimoja umerudi kwenye rundo.

Kutandika droo na kuchonga vituo

Soketi zinaweza kukaa kwenye reli ya chuma yenye vibanio, kwenye trei yenye vijiti, au ndani ya mashimo yaliyokatwa kwenye mpira laini. Reli hubebeka hadi kwenye gari, na kwa fundi anayefanya kazi za nje ya gereji ndiyo bora. Kwa kabati linalokaa mahali pamoja napenda mpira uliokatwa, kwa sababu ndio unaojihesabu wenyewe. Mbinu hii hutumiwa na mafundi wa ndege, ambao kifaa kimoja kilichosahaulika ndani ya bawa ni hatari ya roho za watu: huweka tabaka mbili za rangi tofauti, la juu jeusi na la chini jekundu, hivyo kifaa kikiondoka mahali pake pekundu panaonekana.

Huhitaji kununua mpira ulioagizwa kutoka nje. Mpira laini wa kutengenezea ndala, ule ambao mafundi viatu huununua kwa shiti, unafaa sana: haunyonyi mafuta, hukatika vizuri, na hupatikana kwa rangi nyingi. Usitumie sponji ya godoro. Sponji hunywa mafuta na unyevu kama kitambaa, na baada ya muda spana itakuwa imelazwa juu ya kitu chenye maji.

Kata tabaka la chini kwa vipimo vya droo na ulibandike. Panga vifaa juu ya tabaka la juu kabla ya kukata chochote, uviache hapo siku mbili au tatu ukifanya kazi navyo, uone mkono unalalamikia nini. Mpango wa kwanza huwa hauna ufahamu wa kutosha. Ukiridhika, chora umbo la kila kifaa kwa kalamu, kata kwa wembe mpya wa kisu, ukiusimamisha wima na kupita mara mbili tatu kwa wepesi badala ya kukandamiza mara moja. Kwa soketi, mdomo wa bomba la chuma ulionolewa hutoboa duara safi kuliko kisu. Kando ya kila kituo ongeza kijishimo cha nusu duara cha kuingizia kidole, la sivyo utakuwa unapindua droo kila unapotaka spana ya 8. Namba iandikwe kwenye mpira mbele ya kituo, isomeke kutoka pale unaposimama.

Saizi ambazo huna usiziachie matundu. Ni kishawishi kikubwa kukata kituo cha soketi ya 15 utakayoinunua mwezi ujao, lakini kila kituo kitupu ambacho ni cha kawaida hulifundisha jicho kutojali utupu, na hapo faida yote ya rangi nyekundu imekwisha. Acha nafasi ya mpira usiokatwa. Utakata siku soketi itakapofika.

Spana, koleo, bisibisi na ndugu zake

Droo za juu, zilizo kwenye usawa wa kifua na tumbo, zichukue vinavyoguswa kila saa: soketi za 3/8 na robo inchi, kisha spana. Koleo na bisibisi zifuate. Nyundo, patasi na tupa zikae chini yake, na droo ya mwisho ibebe soketi nyeusi, mikono mirefu ya nusu inchi na vifaa vya kuvutia bearing. Uzito ukiwa chini kabati halielekei mbele droo zinapovutwa, ingawa hata hivyo usifungue droo mbili zilizojaa kwa pamoja, hasa kama sakafu ina mteremko.

Spana za kombinesheni, zenye mdomo wazi upande mmoja na ringi upande wa pili, zilale kwa mfuatano, midomo yote ikielekea upande mmoja. Spana malaya, kama mafundi wanavyoiita ile yenye mdomo unaorekebishwa, naiweka mbali na spana nyingine kwa makusudi, ili anayeifuata awe ameshapita mbele ya spana ya saizi kamili. Koleo zisimame juu ya migongo yake, mishikio ikiwa juu, zikitenganishwa kwa vipande vya mbao. Zikilazwa hula nafasi maradufu. Bisibisi zilazwe kichwa kwa mkia kwa kupishana. Bisibisi ya nyota ya kawaida na ile iliyochongwa kwa kiwango cha Japani zisikae safu moja, kwa sababu zinafanana machoni ila ya kawaida haiketi hadi mwisho kwenye skrubu nyingi za pikipiki za Japani, nayo huruka na kuchimba kichwa cha skrubu. Tupa zisigusane kabisa, maana tupa husagana na kuuana meno.

Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, haikai na hizi. Inakaa ndani ya kasha lake, mbali na nyundo, na kabla ya kurudishwa huteremshwa hadi namba ya chini kabisa ya kipimo chake, bila kupita hapo, ili springi ipumzike. Fundi anayekaza nati za gurudumu za Corolla kwa nyutoni mita 103 anaamini namba iliyoandikwa kwenye mshikio, na namba hiyo hudanganya springi ikikaa imebanwa miezi. Viwango vya kimataifa hupendekeza kipimo chake kihakikiwe kila miezi 12 au kila baada ya kukazia mara 5,000, kutegemea kipi kitatangulia.

Kutu ya pwani

Kwa gereji za Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, hewa ya chumvi hufanya kazi usiku kucha. Kutu huanzia pale kromu ilipobanduka, mara nyingi kwenye mdomo wa spana na ndani ya soketi. Baada ya kuosha, pitisha kitambaa kilicholoweshwa kidogo mafuta mepesi ya mashine juu ya kila chuma, kiasi cha kuacha ung'avu tu, kisha rudia mara moja kwa mwezi. Vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vitie kwenye kona za droo. Usirudishe kabatini kifaa kilicholoa jasho au maji ya betri; maji ya betri yaoshwe kwanza kwa magadi na maji, kwani yakiingia kwenye droo hula pia majirani.

Kuazima na kufunga siku

Gerejini tunaazimana spana, na fundi anayekataa kuazima hatapata wa kumsaidia kuinua giaboksi. Tengeneza vibati vidogo vya plastiki au bati, kila kimoja na jina la fundi mwenzako, vining'inie ubavuni mwa kabati. Anayechukua soketi huacha kibati chenye jina lake ndani ya kituo cha soketi hiyo. Hapo wekundu unabaki na maana moja tu: kifaa kiko kwenye gari au kimeanguka.

Wakati wa kazi weka trei moja ndogo yenye sumaku kando ya gari, na iwe ndiyo mahali pa pekee pa kuweka spana nje ya droo. Si juu ya betri, si juu ya rejeta, si mfukoni. Kila droo ipige picha kwa simu ikiwa imetimia, ili saidia fundi mpya awe na cha kulinganisha. Kabla ya gari lolote kuwashwa, vuta droo moja baada ya nyingine kuanzia juu. Pakionekana wekundu usio na kibati, boneti ibaki wazi na ufunguo ubaki mkononi mwako, kisha tafuta kwanza kwenye trei ya betri, chini ya kava ya injini, kwenye bati la kukinga injini kwa chini, na juu ya kava ya feni.